Mke Wangu Alivyompanda Farasi Wangu

Kabla mke wangu hajampanda yule farasi, hapa Homa Bay nilikuwa mtu. Nikipita sokoni, wauza samaki waliniita "wa farasi", na ukiuliza nyumba yangu iko wapi, mtoto yeyote angekuelekeza. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na mitano kwenye mazizi ya farasi huko Nairobi, na niliporudi nyumbani nilikuja na kofia ngumu ya kupandia, viatu virefu vya mtumba na maneno mengi. Jambo moja sikumwambia mtu. Huko Nairobi nilikuwa saisi, yaani mtu wa kuzoa mavi, kupiga brashi na kumtembeza farasi aliyetoka jasho mpaka apoe. Kupanda nilipanda mara chache, tena wenyewe wakiwa hawapo.

Farasi mwenyewe nilimnunua Migori, kwa mfanyabiashara mmoja aliyemleta akidhani maharusi watampigania. Maharusi walipigania magari. Jike, rangi ya kahawia, doa jeupe kwenye pua, tumbo la kushiba. Nilimpanda kutoka Migori kupitia Rongo mpaka Homa Bay na tulichukua siku tatu. Wanawake wenye ndoo kichwani walitupita. Kila penye nyasi ndefu alisimama, nami juu yake nikimpiga visigino mbavuni kama mtu anayegonga mlango wa choo.

Kazi yetu ilikuwa kule ufukweni, kwenye uwanja wa nyasi ambako watu huja kupunga upepo. Watoto walipandishwa mbele yangu, wakazungushwa, wakapigwa picha. Kutembea tu hakukuwa na shida, lakini watoto wa siku hizi wanataka mbio. Wanataka ule mchakamchaka ambao sisi wa mazizini tunauita troti. Hapo ndipo aibu ilipoanza. Farasi wangu alitoka kwenye kutembea akaingia kwenye troti kama mzigo unaoanguka kutoka kwenye lori. Kwanza hataki, hataki, hataki, halafu ghafla anaruka, na mtoto anatupwa nyuma. Nikimtaka apunguze, anasimama palepale, na mtoto anaishia kwenye shingo yake, analia. Niliwaambia wazazi kwamba huyu ni mvivu, na kwamba mdomo wake umekufa ganzi kwa kuvutwa vibaya na mwenyewe wa kwanza. Walinikubalia. Nani angembishia mtu wa farasi?

Sasa niseme juu ya nyumba yangu. Mimi ni Mkatoliki. Mke wangu ni Msabato, na hakuacha usabato wake aliponioa, au nilipomuoa, sijui. Jumamosi kuanzia asubuhi mpaka jua lizame hagusi kazi yoyote. Hata chakula cha siku hiyo hukipika Ijumaa. Ni mwalimu wa kwaya ya kina mama kanisani kwao. Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda ufukweni na farasi peke yangu. Lakini Jumapili, siku ambayo watu hujaa kweli ufukweni, mimi niko misani, na baada ya misa kuna jumuiya, na kwenye jumuiya mimi ndiye katibu, kwa hiyo siwezi kuchomoka. Jumapili nyingi farasi alishinda amefungwa akila. Ni mke wangu aliyesema, tukinywa chai, kwamba angeweza kumpeleka yeye. Nilicheka. Nikamwambia ajaribu, nikijua atarudi kabla ya saa tano akiniomba msamaha.

Hakurudi. Alivaa suruali ya michezo ya kijana wetu chini ya sketi, akajifunga kitambaa, akaenda. Jioni alirudi ametulia, akamvua farasi tandiko, akampa maji, akaingia jikoni. Nilimuuliza imekuwaje. Akasema imekuwa sawa.

Sikuambiwa na yeye jinsi ilivyokuwa. Niliambiwa na watu. Wiki hiyo mwenye duka la simu alinisimamisha akaniambia mtoto wake alizungushwa mbio juu ya farasi huku ameshika soda iliyofunguliwa, na soda haikumwagika. Alinipongeza kwa kumfundisha mama vizuri. Nikasema asante. Nilimeza ile sifa isiyokuwa yangu, nikaenda zangu.

Jumapili iliyofuata nilimwambia mwenyekiti wa jumuiya kwamba tumbo linanisumbua, nikatoka mapema. Nilijibanza nyuma ya kibanda cha kukaanga samaki, mimi mwenye farasi, nikachungulia farasi wangu mwenyewe. Nilimwona mke wangu juu yake, mgongo umenyooka, miguu imening'inia tu, haifanyi kitu. Mbele yake alikuwa ameketisha msichana mdogo. Walikuwa wanatembea. Kisha nikaona mke wangu anavuta pumzi na kukaa chini zaidi kwenye tandiko, na vidole vyake vikafunga hatamu kidogo sana, kama mtu anayekamua kitambaa ambacho kimeshakauka. Masikio ya farasi yakarudi nyuma kumsikiliza. Mke wangu akangoja. Hatua tatu nzima alingoja! Ndipo akamgusa kwa mashavu ya miguu, mara moja, akaacha. Farasi akaingia kwenye troti bila mruko. Kurudi kwenye kutembea ilikuwa hivyohivyo. Mwili wake ulianza kupunguza kabla ya farasi, na farasi akamfuata.

Nilijua nilichokuwa nakitazama. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kwa miaka kumi na mitano, nikiwa na toroli la mavi, nilikuwa nimemsikia mwalimu wa pale mazizini akiwafokea wanafunzi wake kwamba farasi huandaliwa kwanza, ndipo huombwa, na akitii huachwa kwa amani. Niliyajua maneno yale kwa moyo na kuwaeleza watu ufukweni nikiwa nimevaa ile kofia. Mke wangu hakuwahi kuyasikia, lakini mwili wake uliyajua.

Jioni nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kwamba hivi anamfanyaje akitaka akimbie. Hakuona mtego. Aliniambia kwao Ndhiwa, alipokuwa msichana, kazi yake ilikuwa kutangulia mbele ya ng'ombe wa kulima. Jozi mbili za maksai nyuma yake, na babake ameshika plau. Ukifika mwisho wa shamba ukawageuza ghafla, plau inaruka na mtaro unaharibika, na mzee anakuchapa. Kwa hiyo alijifunza kupunguza miguu yake mwenyewe hatua kadhaa kabla ya mwisho, akiwaambia "mos, mos", ambayo kwetu ni pole pole, na maksai wakapunguza pamoja naye.

Halafu akaongeza, bila kunitazama, akichambua mboga:

"Wewe mguu yako haitulii. Unamgonga kila hatua. Sasa huyu mnyama atajuaje saa hii umemwambia kitu, na saa ile ulikuwa unapiga kelele tu?"

Nikamwambia farasi si ng'ombe. Akasema haya. Nikamwambia kuna watu wamesomea mambo haya. Akasema haya. Laiti angebishana!

Tangu siku hiyo wivu ulinikaa kama mgeni asiyeaga. Nilimwonea wivu kwa mikono yake. Niliwaonea wivu wale maksai wa Ndhiwa, ambao bila shaka walishaliwa zamani. Na ukitaka kujua jinsi mtu anavyoweza kuwa mjinga, nilimwonea wivu hata farasi, kwa sababu mke wangu alipomrudisha zizini alimsugua paji la uso na kunong'ona naye, nami niko pale nimeshika ndoo. Jumamosi, nikiwa peke yangu, nilijaribu kumuiga. Nilivuta pumzi, nikakaa chini, nikangoja hatua moja, ya pili, na kwenye ya tatu kisigino kikaenda chenyewe mbavuni. Farasi akainama akala nyasi.

Kisha akaja yule meneja. Ni mama wa makamo, anaendesha hoteli moja kando ya ziwa, na alikuwa amemwona mke wangu ufukweni. Alifika nyumbani kwetu mchana, akakaribishwa, akanywa maji. Alisema wageni wake wana watoto, na pia kuna sherehe za harusi kwenye bustani, na anataka farasi awe pale kila Jumapili, kazi ya kudumu. Moyo wangu uliruka. Nikaenda ndani nikatoka na kofia yangu. Akaitazama kwa adabu, kisha akamgeukia mke wangu.

"Nataka huyu mama na farasi wake," alisema. "Jumapili ijayo mje bustanini saa nane, wageni wamwone."

Farasi wake. Nilisimama pale na kofia mkononi kama mtu aliyefika matanga ya nyumba nyingine. Nilimweleza meneja kwamba mimi ndiye mwenye ujuzi, na kwamba saa nane jumuiya itakuwa imekwisha, na ningeweza kupanda mwenyewe. Akasema nitakaribishwa sana kuja pia, nisaidie kushika kamba. Mke wangu alijaribu kusema jambo juu yangu, jambo zuri nadhani, lakini nilitoka nje kabla hajalimaliza.

Kama angeipata kazi ile, mji mzima ungejua. Hakuna ambaye angeniita tena wa farasi. Ningekuwa nani? Hilo swali nilitembea nalo wiki nzima, na kufikia Ijumaa la kufanya lilikuwa limeshanijia, nami nikajifanya silioni.

Jumamosi mke wangu na watoto walikwenda kanisani kama kawaida. Nilimfunga farasi tandiko. Nilijiambia ni mazoezi. Sikwenda ufukweni penye watu. Nilimpeleka upande wa pili, kwenye mchanga mzito usio na kivuli, nikamwendesha huku na huku kwa fimbo, troti na mbio kamili, mbio kamili na troti, nikivuta na kupiga, mpaka jua lilipokuwa utosini na povu limemtoka chini ya mkanda wa tandiko. Alipokataa nilimpiga. Alipokubali nilimpiga pia. Nilimrudisha kabla ya saa nane, nikamwosha kwa sabuni, nikampiga brashi mpaka akang'aa. Hapo nilifanya kazi nzuri sana. Kung'arisha farasi aliyechoka ndilo jambo moja ambalo kweli nilisomea.

Kesho yake misani, tulipofika pale pa kujipiga kifua, mkono wangu ulikuwa mzito.

Bustanini walikuwa wameweka viti. Mke wangu alimpanda, na meneja akamkabidhi mtoto wa mgeni mmoja, mvulana wa kama miaka mitano, akamketisha mbele yake. Mimi nilisimama karibu na mlango wa jikoni, ambako mama mmoja alikuwa amekuja kuleta nyanya za hoteli. Nilimtambua. Alikuwa shemasi kanisani kwa mke wangu. Tukasalimiana.

Farasi alianza kutembea kichwa kikiwa chini. Nilimwona mke wangu akivuta pumzi, akikaa, akingoja. Masikio hayakurudi nyuma. Akamgusa. Hakuna kitu. Akamgusa tena, na farasi akatupa miguu mbele bila mpangilio, akajikwaa, akasimama ghafla. Mtoto akatelezea shingoni. Mke wangu alimdaka kwa mkono mmoja, lakini mtoto alikuwa ameshaanza kupiga mayowe, na mama yake alikuwa ameshasimama. Nitasema ukweli. Kwa muda mfupi, nilipoona jinsi watu walivyomtazama, nilifurahi. Furaha yenyewe ilikuwa na ladha ya dawa, lakini niliimeza.

Mke wangu alishuka. Alimpa mama mtoto wake, akaomba radhi, kisha akapitisha kiganja chini ya mkanda wa tandiko. Nilijua alichokigusa. Ngozi ilikuwa imechubuka pale, na kwenye makalio, chini ya nywele nilizozilaza vizuri kwa brashi, kulikuwa na matuta ya fimbo. Akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu.

Meneja alikuwa amefika. Aliuliza farasi ana nini, na ni nani aliyemfanyia vile.

"Ni mimi," mke wangu akasema. "Jana nilimpanda mchana kutwa, nikitaka azoee. Nilimmaliza nguvu."

Jana. Jumamosi. Mama wa nyanya aliweka kikapu chini polepole. Mimi nilikuwa na mdomo, na ulimi ndani yake, na sikusema neno.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye ameshika kamba, mimi nyuma yao. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimeshatayarisha majibu, nayo yalikuwa makali. Alichosema tu ni kwamba tutamkanda kwa maji ya chumvi, na kwamba asipandwe mpaka ngozi ishike.

Jumatano wazee wa kanisa walimwita. Alikwenda, akarudi, akapika. Niliyajua mengine kwa kumsikia jirani. Walimuuliza kama ni kweli aliifanya Sabato kuwa siku ya biashara, naye hakukana. Wakamwondoa kwenye kwaya kwa miezi mitatu na kumwambia akae viti vya nyuma. Mwanamke ambaye hata chumvi hanunui Jumamosi! Angeweza kusema maneno matatu tu, kwamba ni mume wangu, akabaki na kwaya yake.

Jumamosi ya kwanza alikwenda kukaa nyuma. Jumamosi ya pili pia. Mimi nilibaki nyumbani na farasi mwenye vidonda, nikimwonea mke wangu wivu mpya, mbaya kuliko ule wa kwanza. Alikuwa ameweza kuubeba uongo ule bila kujikwaa, huku mimi nimeshindwa kuubeba ukweli mdogo. Hata kukosa, yeye alikosa vizuri kuliko mimi. Mwisho nikamkabili jikoni, kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea, nikamuuliza nani alimtuma anifichie.

Alifunika sufuria kwanza.

"Ningesema ni wewe, ungebaki na nini?" akasema. "Hii mji inakujua na farasi peke yake. Mimi niko na vitu vingine."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa amenihurumia, na kuhurumiwa na mtu unayemwonea wivu ni adhabu ambayo sijui kama kuna padri anayeitoa.

Jumamosi ya tatu nilivaa shati langu la misa nikaenda kanisani kwao. Wageni husimamishwa wajitambulishe, kwa hiyo nilisimama. Nilianza kwa jina la parokia yangu, kwa mazoea, na watu wakatabasamu. Kisha nikasema aliyempanda farasi Jumamosi ile ni mimi. Nikasema nilimchosha makusudi ili mke wangu aaibike, kwa sababu anampanda vizuri kuliko mimi. Nilisema na ya toroli, na kwamba sijawahi kuwa mpanda farasi. Nilikuwa nimepanga kusema kwa ufupi, lakini nilipoanza sikuweza kupunguza mwendo. Mzee wa kanisa alinishukuru, akaniomba niketi. Mke wangu alikuwa kiti cha nyuma kabisa na hakugeuza kichwa. Kwaya walimrudishia, ila baada ya wiki mbili zaidi, kwa kuwa hata kumficha mumewe kulihesabiwa kuwa uongo, na uongo nao una kipimo chake.

Kwa meneja nilikwenda siku ya Jumatatu, nikasema yaleyale, mara hii kwa kifupi. Alinisikiliza amekunja mikono. Akasema farasi akipona, mama aje. Akaniuliza kama ile kazi ya kushika kamba bado ninaitaka.

Ninaitaka. Sina nyingine. Kila Jumapili saa nane nashika kamba, mke wangu yuko juu na mtoto wa mtu mbele yake, na wageni wakitaka kuuliza jambo juu ya farasi wanamuuliza yeye. Mjini naitwa mume wa mama farasi. Inaniuma. Nilidhani nikishasema kanisani wivu utatoka, lakini bado uko, ninaamka nao na kuvaa nao viatu.

Jumapili iliyopita nilikuwa natembea kando ya bega la farasi, nikifikiria mambo yangu, nikimkasirikia mtu mmoja aliyempigia mke wangu makofi. Sikumsikia mke wangu akimwomba farasi troti. Kamba haikuvuta mkononi mwangu hata kidogo. Ni pumzi ilipoanza kunikata ndipo nilipotazama chini, nikaona nilikuwa nakimbia.